Nilitengeneza projekta kwa kamera mbovu ili mke wangu amuone mtoto

Wakuu, niaje.

Kuna kijana ameuliza kwenye ule uzi wa mambo ya umeme kama inawezekana kutengeneza projekta nyumbani kwa lenzi ya kamera ya zamani. Nilianza kumjibu pale pale. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nikaona afadhali nifungue uzi wangu.

Jibu fupi ni ndiyo, inawezekana. Mimi nilitengeneza na ikafanya kazi.

Jibu refu ndilo hili. Mwenye alikuja humu leo kutafuta kicheko apite tu, sitamlaumu. Nitaeleza vile ilikuwa, na mahali sikumbuki nitasema sikumbuki.

Hii ni miaka ya elfu mbili na kitu, kabla kila mtu hajakuwa na simu ya kupiga picha. Nilikuwa fundi wa kamera town, kwa duka moja la ghorofani huko chini ya Moi Avenue. Mdosi wangu alikuwa Mr. Virdi, mzee wa Kisikh, mzaliwa wa hapa hapa Nairobi, Kiswahili chake hakina tofauti na changu.

Kazi ilikuwa inakufa tukiiona. Digital zilikuwa zimeingia na wapiga picha wa harusi walikuwa wanahama mmoja mmoja. Mtu analeta kamera ya filamu itengenezwe, anaenda, harudi kuichukua. Chini ya meza yangu kulikuwa na makatoni ya kamera za watu ambao hawakurudi.

Mke wangu alikuwa anaitwa Wairimu. Tulikuwa tunaishi Kangemi, chumba kimoja cha mabati. Hakukuwa na silingi. Ukilala chali unaona mabati yenyewe na mbao zake.

Wairimu alikuwa house help Kileleshwa, kwa flat fulani, ghorofa ya tatu. Asubuhi alikuwa anatembea kwa mguu mpaka huko. Tulikuwa na mtoto mmoja, msichana, Wangui. Sote tulimwita Kui. Wakati huo alikuwa na miaka minne, anashinda kwa jirani yetu Mama Brayo, ambaye alikuwa anauza sukuma wiki mbele ya ploti.

Siku ile Wairimu alikuwa anaosha madirisha. Madirisha ya hiyo flat yanafunguka kwa nje, na kioo cha mwisho hufiki ukiwa ndani. Alikuwa anatoka, anasimama kwa kile kijukwaa cha zege ambacho ni cha upana wa kiatu, mkono mmoja umeshika fremu, mwingine una kitambaa. Alikuwa ameshafanya hivyo mara nyingi.

Akaanguka mpaka kwa parking.

Watchman alimbeba kwa mikono na kumweka nyuma ya pickup. Daktari aliniambia baadaye kwamba pengine kule kubebwa ndiko kulimaliza mgongo. Mimi sijui. Watchman alifanya kile alijua kufanya, na kutoka kwa hiyo flat ni yeye peke yake alikuja kumuona hospitali.

Mgongo ulivunjika na shingo ikaguswa. Kuanzia kifuani kwenda chini hakusikia kitu tena. Mikono aliweza kuinua kidogo, lakini vidole havikushika. Shingoni walimfunga ile kola ngumu. Alikaa wodini muda mrefu, halafu wakasema wamefanya yale wanaweza kufanya, nimpeleke nyumbani, awe anageuzwa mara kwa mara asipate vidonda.

Madam wake alituma nguo zake. Zilikuwa kwenye mfuko, zimefuliwa na kupigwa pasi, zimekunjwa vizuri kabisa. Nilizishika pale kwa mlango nikajiuliza nani amezipiga pasi. Ndio nikajua wameshapata msichana mwingine.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kusikia kutoka kwao.

Kui tulimpeleka ushago kwa cucu wake, yaani mama yangu, upande wa Nyeri. Sikuweza kwenda kazi, kuangalia mgonjwa na kuangalia mtoto. Lakini hiyo si sababu yote. Wairimu mwenyewe alisema, siku ya kwanza ametoka hospitali:

"Kui asinione hivi."

"Anakuulizia."

"Akae na cucu wake. Nikipata nafuu atakuja."

Nilikubali. Ukweli ni kwamba nilifurahi amesema yeye, kwa sababu hata mimi sikutaka mtoto aone.

Mama Brayo ndiye alikuwa anamgeuza nikiwa kazi. Alikuwa anaacha mboga zake pale nje, anaingia, anamgeuza, anampangusa, anatoka kuuza. Sijawahi kuona mtu kama huyo mama na sidhani nitaona.

Sasa, Wairimu alikuwa mtu wa maneno. Kabla aanguke, ukifika nyumbani unapata habari ya kila mtu wa hiyo flat, nani amenunua nini, nani amegombana na nani kwa ngazi. Baada ya hospitali maneno yaliisha polepole. Ukimuuliza kitu anajibu eeh au hapana. Halafu hata hiyo ikapungua. Chakula anakula vijiko viwili anafunga mdomo.

Kutwa alikuwa anatazama mabati.

Jumapili moja nilileta picha ya Kui, ile ndogo ya studio. Nikaishika juu ya uso wake ili aione. Aliitazama muda mrefu. Mkono wangu ukaanza kutetemeka, unajua vile mkono huchoka ukiuinua bila kuegemea mahali.

Akasema, "Shusha mkono, Baba Kui. Utachoka."

Hakusema kingine siku hiyo yote.

Nilienda kazi Jumatatu na hayo maneno kichwani. Nilikuwa nasafisha lenzi karibu na dirisha, na kila fundi wa kamera anajua, ukishika lenzi mbele ya dirisha halafu uweke karatasi nyuma yake, barabara yote inaingia kwa karatasi, watu na magari, miguu juu kichwa chini. Nilikuwa nimeiona hiyo kitu miaka mingi. Siku hiyo niliitazama vingine. Kama mwanga unaingia kwa lenzi na kuleta picha ndani, basi ukiweka mwanga ndani, picha itatoka nje. Na nje panaweza kuwa popote. Panaweza kuwa juu ya kitanda.

Nikamuuliza Mr. Virdi kama naweza kuchukua vitu kwa yale makatoni.

"Vya nini?"

Nikamwambia. Alinitazama, akasema, "Chukua unachotaka. Wenyewe hawarudi."

Kijana uliyeuliza swali, sehemu yako ni hii.

Nilichukua kamera moja ya filamu ambayo kioo chake cha ndani kilikuwa kimekufa, lakini lenzi yake ilikuwa safi, ile ya kawaida ya milimita hamsini. Nikatoa mlango wa nyuma, nikatoa kile kioo, nikatoa shutter yote, mpaka ukichungulia nyuma unaona moja kwa moja mpaka mbele. Pale filamu hukaa ndipo slaidi itakaa. Uzuri wa kutumia kamera nzima badala ya lenzi peke yake ni kwamba vipimo vimeshapimwa kiwandani. Unazungusha lenzi tu mpaka picha inakuwa kali.

Nyuma yake niliweka vioo viwili vya kukuza kutoka kwa mashine mbovu ya kusafisha picha, ili mwanga ujae vizuri. Nyuma ya hivyo, balbu ya taa kubwa ya gari. Landlord wetu alikuwa amekataza vitu vya kula stima, kwa hivyo nilitumia betri kuukuu ya gari, naichaji dukani. Yote nikaweka kwa debe la mafuta ya kupikia, nikatoboa mashimo, na chini nikaweka feni ndogo ya kompyuta kwa sababu ile balbu ni moto sana.

Nikaisimamisha ikitazama juu. Kumbuka hapo kwa kutazama juu. Nitarudi.

Chini ya mabati nikatandaza shuka jeupe, nikalipigilia kwa mbao. Dirishani nikaweka blanketi. Wairimu alikuwa ananitazama nikipanda na kushuka na hakuuliza kitu.

Shida ilikuwa picha zenyewe. Projekta inataka slaidi, yaani filamu ambayo picha yake ni ya kweli. Filamu zetu sisi wengine zilikuwa negative, uso mweusi unakuwa mweupe, meno yanakuwa meusi. Ukimuonyesha mgonjwa hiyo utamtisha.

Mr. Virdi akaniletea kijisanduku kutoka kwake nyumbani. Zilikuwa slaidi za familia yao za zamani. Alisema, "Jaribu na hizi kwanza. Zikiungua usiniambie."

Kwa hivyo picha ya kwanza mke wangu aliona juu ya kitanda chake haikuwa ya mtu anayemjua. Ilikuwa Wahindi, ukoo mzima, wamekaa kwa nyasi kando ya ziwa, wanaume na vilemba, akina mama na miwani ya jua, na gari la kizamani nyuma yao. Rangi kali kama jana. Ilijaza shuka lote.

Wairimu alitazama. Nikabadilisha. Wale wale, wanakula. Nikabadilisha. Wale wale, mtoto analia.

Akasema, "Hawa ni akina nani?"

Wakuu, sikuwa nimesikia swali kutoka kwake kwa siku nyingi. Nikamwambia ni watu wa Mr. Virdi.

"Huyo mama kila picha ako na soda."

Nilikuwa sijaona. Kumbe ni kweli. Kulikuwa na mama mmoja mnene, na kila picha alikuwa ameshika chupa.

"Mama Soda," Wairimu akasema. Halafu akacheka. Kicheko kidogo, kifua hakikuwa na nguvu, lakini nilikisikia.

Kuanzia hapo kila mtu kwa zile slaidi alipata jina. Kulikuwa na Mwenye Gari, ambaye hakuruhusu mtu mwingine aegemee gari. Kulikuwa na Bwana Harusi, ambaye kulingana na Wairimu hakumtaka yule walimchagulia. Alikuwa amerudi kwa zile habari zake za ngazi, ila sasa ni za watu wa kwa shuka. Akaanza kula. Mama Brayo akawa anaingia na kiti chake jioni anauliza Mama Soda leo amefanya nini.

Nilimhadithia Mr. Virdi. Aliinamisha kichwa kidogo. "Huyo ni shangazi yangu," akasema. "Na alipenda soda kweli."

Halafu Wairimu akamtaka Kui.

Nilienda ushago na kamera na filamu. Nilimpiga Kui picha akiwa kwa mlango wa jikoni ya cucu, akiwa na kuku, akiwa amevaa sweta ya kwenda nursery. Nilirudi nikasafisha, nikapata negative. Ili kuifanya iwe slaidi niliilaza juu ya filamu nyingine ya black and white gizani, nikamulika tochi mara moja, nikasafisha ile ya pili. Inatoka picha ya kweli lakini haina rangi. Nilifanya hivyo pia kwa negative zetu za zamani. Kulikuwa na moja ya Wairimu mwenyewe, amesimama kwa mlango wetu wa Kangemi, Kui akiwa mchanga mgongoni, anacheka na mtu ambaye haonekani. Huyo mtu ni mimi, nilikuwa nimeshika kamera.

Jumapili mchana nikaweka blanketi dirishani, nikawasha.

Kui akatokea juu, mkubwa kuliko alivyo, amebeba kuku.

Wairimu alimtazama kuanzia miguu mpaka kichwa. Halafu, "Amerefuka."

"Kidogo."

"Sweta ni ya rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani ya majani ama kijani ya chupa?"

"Ya chupa."

Akafumba macho, nafikiri alikuwa anaipaka hiyo rangi. Akayafungua. Nikashika slaidi ili nibadilishe, akasema, "Iache hapo. Usimtoe."

Nikaiacha. Nikakaa kando ya kitanda, tukatazama wote. Sijui ni muda gani.

Sasa rudi kwa pale nilisema ilikuwa inatazama juu. Moto unapanda. Balbu iko chini, filamu iko juu yake, kilichokuwa kinaiokoa ni ile feni. Waya wa feni ulikuwa umelegea kwa betri na mimi sikusikia ikinyamaza.

Ilianza na doa la kahawia kwa kidevu cha Kui. Likapanda. Mdomo ukavimba, ukatoa mapovu kama uji, na katikati kukatoboka shimo la mwanga mweupe. Shimo likala pua, likala macho. Yote hayo juu ya shuka, makubwa, na mama yake amelala chini yake hawezi kugeuza kichwa.

Nilichomoa waya. Chumba kikawa giza na harufu ya plastiki.

Nilianza kusema kwamba negative iko, nitatengeneza nyingine, hakuna kitu kimepotea. Nilisema haraka haraka. Aliningoja nimalize. Halafu akasema:

"Mlete."

"Nani?"

"Kui. Mlete nimuone. Huyu wa kwa shuka anaungua."

Nikamwambia tungoje kidogo. Nilisema kuhusu nursery, kuhusu muhula kuisha. Alikuwa ameanza kupata kidonda chini ya mgongo, na kilikuwa na harufu, na nilijua mtoto ataisikia akiwa mlangoni. Sikumwambia hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa haisikii tena, ama alikuwa anajifanya.

Ni Mama Brayo alinivuta nje siku iliyofuata, karibu na mboga zake.

"Baba Kui, mtoto aletwe."

"Akipata nafuu kidogo..."

"Mimi ndio namgeuza," akasema. "Wewe unaona uso. Mimi naona mgongo. Leta mtoto."

Nikamleta.

Njia yote nilimwambia Kui kwamba Mami ni mgonjwa, amelala, hawezi kumbeba. Alikuwa anaitikia vizuri. Alikuwa amebeba viazi vya cucu kwa mfuko na hakutaka nimsaidie.

Mlangoni akasimama.

Nywele za Wairimu zilikuwa zimenyolewa hospitali, zilikuwa zimeota fupi. Uso ulikuwa umeisha, macho makubwa. Ile kola. Na harufu ilikuwa pale, hata na dettol yote Mama Brayo alikuwa amemwaga asubuhi. Kui alirudi nyuma yangu, akashika suruali.

"Kui," Wairimu akamwita.

Mtoto akanitazama mimi. "Huyo si Mami."

Nilitaka kumkaripia. Wairimu akasema, "Muache." Halafu akasema, "Washa."

"Saa hii?"

"Washa, Baba Kui. Weka ile ya mlangoni."

Nikaweka blanketi dirishani. Baada ya ile slaidi kuungua nilikuwa nimebadilisha mashine. Sasa debe lilikuwa linalala ubavu, na mbele ya lenzi kipande cha kioo cha kujitazamia kimeinamishwa, ndicho kinatupa picha juu. Moto haupandi kwa filamu tena. Hiyo ndiyo njia ya kufuata, kijana. Usiisimamishe.

Nikawasha. Wairimu wa zamani akatokea kwa shuka, amesimama, anacheka, mtoto mgongoni.

Kui aliachilia suruali yangu. Akanyoosha kidole juu.

"Mami ni huyo."

Nilimtazama mke wangu. Nilidhani hapo ndipo atavunjika. Hakulia. Alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Eeh. Ndiye huyo. Panda hapa umtazame vizuri."

Kui akapanda kitandani, akalala chali kando yake, kichwa karibu na kola. Wakawa wanatazama juu wote wawili.

"Huyo mtoto amebebwa ni nani?" Kui akauliza.

"Ni wewe."

"Kwa nini Mami anacheka?"

"Baba yako alikuwa amevaa shati nyuma mbele. Alikuwa amechelewa kazi."

Mimi nilikuwa hata nimesahau. Lakini ni kweli, ilikuwa hivyo.

Nilidhani Kui atakaa siku mbili. Alikaa mpaka mwisho. Kila jioni nikitoka kazi nawasha, na wanalala hivyo, na Wairimu anamhadithia habari za huyo Mami wa juu. Vile alikuwa anapenda mahindi ya kuchoma. Vile aliwahi kukimbizwa na bata mzinga wa jirani. Vile siku Kui alizaliwa mvua ilinyesha mpaka maji yakaingia chini ya kitanda. Alikuwa anaongea juu yake kama mtu mwingine. Hakuwahi kusema "mimi". Alisema "Mami".

Na Kui alimwita auntie.

Sikuwahi kuzoea hiyo. Asubuhi mtoto anasema, "Auntie, umeamka?" na Wairimu anajibu, "Nimeamka." Mara moja nilijaribu kumrekebisha Kui tukiwa nje, nikamwambia yule ndiye Mami mwenyewe. Alinitazama kama mtu anayedanganywa. Nilipomwambia Wairimu, alisema, "Usimlazimishe. Analala karibu na mimi. Hiyo inanitosha."

Kidonda kilifika mfupa. Homa ikaja, ikashuka, ikarudi na haikushuka. Tulimrudisha hospitali. Alikaa siku chache, na mara ya mwisho nilimuona aliniuliza kama Kui amekula. Nikamwambia amekula. Akasema sawa.

Tulimzika ushago. Mr. Virdi alikuja na mke wake, wakasimama kwa matope na viatu vya town. Watchman wa Kileleshwa pia alikuja.

Kui hakuletwa kaburini, walimweka kwa nyumba ya jirani. Hayo ni mambo ya wazee wa kwetu na sikuwa na nguvu za kubishana.

Tuliporudi Kangemi nikaamua nimwambie mwenyewe. Tulikaa kwa kitanda. Nikamwambia, "Kui, Mami amekufa."

Alifikiria. Akauliza, "Yule wa chini ama yule wa juu?"

Nimekaa na hilo swali miaka hii yote. Nilikuwa nimechoka, wakuu, sina hata machozi yamebaki. Nikajibu kile niliweza kujibu.

"Wa chini."

Akaitikia kwa kichwa. "Pole kwa auntie," akasema. Halafu, "Basi tuwashe tumuone Mami."

Mwanaume mwenye akili angekataa. Mimi niliweka blanketi dirishani. Nikaweka ile ya mlangoni, nikawasha. Kui akapanda kitandani, akalala upande wake ule ule, karibu na ukuta, akaacha nafasi ya mtu mzima.

Wairimu akatokea, anacheka.

Kui akangoja. Feni ilikuwa inazunguka, hakukuwa na sauti nyingine. Akangoja tena.

"Baba, mbona Mami haongei?"

Aliendelea kutazama juu kidogo. Halafu akageuza kichwa polepole, akatazama ile nafasi kando yake, shuka tupu na mto. Akaweka mkono pale. Nilimuona akielewa. Alielewa peke yake, mbele yangu, na sikuwa na kitu cha kufanya isipokuwa kuzima taa na kumbeba.

Alilia akimwita Mami. Ndiyo mara ya kwanza alimwita hivyo yule wa chini.

Kui sasa ni mtu mzima, ana kazi yake. Amesoma hii kabla niiweke hapa, na amesema niiweke. Anasema sura ya mama yake kitandani haikumbuki hata kidogo. Anakumbuka sauti, na anakumbuka ile kola ngumu ilikuwa inamkwaruza sikio.

Nilichojifunza nitasema kwa maneno machache. Mkiwa na mgonjwa nyumbani, mtoto aingie mapema, angali anaweza kumtambua. Msingoje mgonjwa apendeze. Sisi tulingoja ili tumkinge Kui, na tukamnyima mama yake akiwa bado anafanana na mama yake. Ile mashine ilimpa Wairimu kitu cha kutazama na ikamfungua mdomo, na kwa hiyo sijutii hata msumari mmoja. Lakini haikupaswa kuwa na kazi yoyote kati ya mtu na mtoto wake.

Kijana wa swali, michoro nitakutumia inbox. Feni iwe na waya wa kukazwa vizuri.

Na nyinyi wengine, nataka kusikia kutoka kwa wale wamewahi kuuguza mtu nyumbani na wako na mtoto mdogo. Mlimwambia nini? Na mngekuwa kwa kile kitanda na hilo swali, la wa chini na wa juu, mngejibu vipi? Nitasoma zote, hata za kunichapa.